Siku Ilunga Alipogeuza Kichwa

Mama mkwe wangu anaamini kwamba hakuna ugonjwa wa nywele, wa tumbo wala wa viungo usioogopa mafuta ya mbono. Akija kututembelea hapa Manika, Kolwezi, chupa inatangulia kabla ya salamu, na mjukuu akikimbia anakamatwa mguu. Safari iliyopita matone machache yalimwangukia kwenye mkaa. Moshi ukapanda, mtamu na mzito, nami niliyekuwa nachambua sombe, majani ya muhogo, nikainuka, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikaenda tena. Akaniuliza kama kuna mtu ninayemngoja. Nikasema hapana. Ningemwelezaje kwamba harufu ile kwangu si ya dawa, ni ya pikipiki?

Ninyi ngoja niwaeleze. Utotoni mafuta yale niliyajua kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kijiko. Tumbo likifunga, mama alinibana pua, na Tata, yaani baba yangu, mtu mzima mwenye sauti ya kwaya ambaye hakuweza kutazama mtoto akinyweshwa dawa, alisimama nyuma yangu uso kaugeuzia ukutani, akisema, "Moyo, Mado, moyo." Yaani jikaze, usiogope. Nilimeza kwa sababu ya neno lile. Njia ya pili ilikuwa Tata Ilunga (kwetu kila mwanaume wa rika la baba huitwa Tata), ambaye mafuta hayo hayo aliyachanganya na petroli.

Tata Ilunga alikuwa fundi katika garaji ya kampuni, mfupi, miguu ya upinde, na kwa miaka saba hakuna pikipiki iliyomtangulia kufika penye bendera. Mashindano yalikuwa kila kiangazi, siku ya sikukuu ya parokia, kwenye njia ya udongo mwekundu iliyozunguka kilima cha mabaki ya mgodi, upande wa Mutoshi. Mizunguko kumi. Mafuta ya injini yalipoanza kukosekana, wenzake waliziacha pikipiki zao zilale. Yeye alikwenda sokoni kwa akina mama wauza dawa, akanunua mbono, akaendelea kushinda. Akipita, Tata alisema, vumbi lote linanuka tumbo la mtoto.

Tata alikuwa karani wa stoo, na Jumapili baada ya misa kazi yake ya pili ilikuwa kubishana na Tata Sefu. Huyu alikuwa jirani yetu, Mwislamu mwenye lori, ambaye ukoo wake ulitoka Maniema na ambaye Swahili yake ilitembea na methali mfukoni. Kwa Tata, Ilunga alikuwa mkubwa kuliko wote waliowahi kukalia pikipiki Kolwezi. Tata Sefu alimtetea Mgiriki mmoja wa zamani, mtoto wa mwoka mikate, aliyeshinda wakati wa wazungu akiwa na miwani ya ngozi. Tata aliuliza yule Mgiriki alishindana na nani. Akajijibu: na daktari na padri, na padri mwenyewe aliogopa kuchafua kanzu. Tata Sefu alijibu: na Ilunga wako je, si anashindana na vijana wanaomwazima spana asubuhi? Waliendelea hivyo mpaka chai ikapoa, na kila mara Tata Sefu alifunga kwa kusema mcheza kwao hutunzwa, maana yake tunampenda Ilunga kwa kuwa ni wa hapa. Nilikubaliana naye kabisa. Babu yangu kule kwetu Kabongo naye aliitwa Ilunga, basi kwangu ilikuwa wazi kwamba bingwa ni ndugu yetu.

Halafu ikaja ile miaka. Mwanzoni mwa miaka ya tisini mgodi wa chini uliporomoka, mishahara ikageuka hadithi, bukari, ugali wetu, ikawa ya mara moja kwa siku. Ndipo neno moja likaanza kutembea mjini kama mtu asiye na kazi: kwabo. Barudie kwabo, yaani warudi kwao. Lilisemwa juu ya watu wa asili ya Kasai, mkoa wa jirani, ambao babu zao waliletwa kujenga reli na kuchimba shaba, na ambao wengi wao hiyo Kasai hawajaiona hata mara moja. Shuleni mwenzangu wa benchi hakuja. Juma lililofuata benchi lenyewe halikuwepo, mtu alikuwa amelipikia. Uwanjani tuliimba wimbo uliowaita watu hao bilulu, wadudu. Niliuimba nyumbani nikiosha sahani, mama akanizaba kofi la kwanza na la mwisho maishani mwake, kisha akakaa chini akalia yeye. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba jina Ilunga liko pande zote mbili, kwetu na kwao, na kwamba bingwa wetu, aliyezaliwa palepale Kolwezi, baba yake alitoka Kasai. Wakubwa walijua siku zote. Hapo zamani haikuwa habari ya kusimuliwa.

Nyumba haikutulia tena. Ukuta ukigongwa, tulitazamana. Tata alikuwa akianza kazi hii, anaiacha, anaanza ile. Tena akaanza kwenda kazini kwa njia ya nyuma, ndefu, ili asipite mbele ya nyumba ya Ilunga, ambayo ilikuwa mtaa wa tatu kutoka kwetu. Alisema njia ya mbele ina matope. Ilikuwa kiangazi.

Watu walidhani mwaka ule mashindano hayatakuwepo. Yakatangazwa. Mabishano ya Jumapili yakawaka upya, lakini sasa hayakuwa ya kuchekesha. Kuna walioapa kwamba Banza, kijana wa watu wa hapa, mwenye pikipiki mpya, atammaliza yule mzee. Tata alipiga meza. "Ilunga akishinda tena, nani atamufukuza?" alisema. "Champion habamufukuzake." Tata Sefu aliangalia chai yake, na kwa mara ya kwanza hakutoa methali.

Mimi nilikuwa na miaka tisa, na neno la Tata kwangu lilikuwa sheria. Akishinda, anabaki. Akishindwa, anaondoka. Wiki nzima sikulala vizuri, na chakula nilikizungusha tu mdomoni.

Siku yenyewe tulisimama mimi na Tata kwenye kona ya mwisho, mimi mbele kabisa, tumbo kwenye kamba. Miaka mingine, Ilunga akitokea nyuma ya kilima, jina lake lilipokewa kwa filimbi na masufuria. Mwaka ule watu walimtazama tu. Alipita mbele ya mamia ya watu mara tisa, mara zote wa kwanza, na ulisikia mawe yakirushwa na matairi yake. Pembeni walisimama vijana wenye vitambaa vyekundu kichwani, wale waliokuwa wakiwatoa watu wa Kasai majumbani. Nilimtazama Tata anifundishe la kufanya. Midomo yake ilikuwa imebanwa.

Mzunguko wa kumi alitokea na Banza akiwa mgongoni kwake. Nilimwona amejikunja juu ya tangi, amechoka, uso wote vumbi. Sikuweza kuvumilia. Neno lililonitoka lilikuwa lile la kijiko, maana sikujua jingine la kumsaidia mtu aliye katika shida.

"Moyo, Tata Ilunga. Moyo."

Katika ukimya ule sauti yangu ilikwenda mbali. Naye akageuza kichwa. Si kidogo: aligeuka mzima akaitafuta ile kamba, na niliona mdomo wake ukifunguka kama mtu anayejibu. Gurudumu la mbele likapanda kokoto za pembeni, pikipiki ikayumba, na Banza akapita. Ilunga hakuanguka. Alimfukuza mpaka penye bendera, akaachwa kwa urefu wa gurudumu moja.

Watu walilipuka, lakini mimi nilisikia sauti moja tu, ya mwanaume aliyekuwa nyuma yetu. Aliuliza kama huyu mtoto naye ni wa kwao. Kiganja cha Tata kilikuwa tayari kinywani pangu.

"Hapana," Tata alisema. "Ni mutoto wetu. Ni Swahili tu anasema."

Mama ndiye aliyenieleza, jioni, akinivua gauni lenye vumbi. Katika lugha ya Waluba wa Kasai, neno moyo ni salamu. Mtu akikutana na mwenzake anamwambia "Moyo webe," na mwenzake lazima aitike. Siku zile hakuna aliyethubutu kulitamka barabarani, hata wao kwa wao. Mama aliniambia nisilirudie nje ya nyumba hata nikimezeshwa chupa nzima.

Basi nikajua: mimi ndiye niliyemfanya ashindwe. Na kwa sheria ya Tata, mimi ndiye niliyemfukuza.

Majuma yaliyofuata mji mzima ulibishana, nami nilikaa katikati ya mabishano hayo kama mwizi anayesikiliza watu wakimtafuta mwizi. Tata alisema ni petroli, ilitiwa maji. Tata Sefu alisema tairi la mbele lilikuwa kipara. Wengine walisema umri. Fundi cherehani wa mtaa wetu alisema Banza alikwenda kwa mganga. Wapo waliosema bingwa wa kweli anajulikana siku anaposhindwa, na kwamba urefu wa gurudumu moja baada ya miaka saba si kushindwa. Wengine walijibu kwamba mkubwa kuliko wote hawezi kuwa mtu aliyepitwa kwenye kona na mtoto wa juzi. Walichora ile kona mavumbini kwa kijiti. Walipima kwa hatua. Na huku wakipima, mitaa mitatu kutoka pale, mwenye habari zote alikuwa anafunga vyombo vyake, wala hakuna aliyekwenda kumuuliza.

Nilikwenda mimi. Nilitoka shule nikashika njia ya mbele, ile isiyokuwa na matope. Mama Ngalula, mke wa Ilunga, alikuwa anafunga masufuria ndani ya shuka. Ilunga mwenyewe alikaa juu ya gunia, pikipiki haipo tena. Nilisimama mbele yake nikasema yote kwa pumzi moja, kwamba ni mimi niliyemfanya ashindwe.

Akataka kujua kama ndimi. "Njo weye ulisema moyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Akacheka, akamwita mkewe aje anione. Kisha akasema, polepole, kama anayeeleza ufundi, "Myezi tatu hakuna mutu ananilamukia, ananipatia salamu, mu njia. Nikasikia moyo. Sasa mi ningepita namna gani bila kuitika?"

Mama Ngalula aliacha masufuria, akanishika mikono yote miwili. Aliinama mpaka usawa wangu, mtu mzima mbele ya mtoto, akanisalimu kwa lugha yao. Ulimini nilikuwa na maneno ya kweli: mama, haikuwa salamu, ilikuwa Swahili tu. Sikuyatoa. Nilimjibu kama alivyonisalimu, "Moyo webe," nikakimbia mpaka nyumbani.

Waliondoka Alhamisi. Tata Sefu aliwapakia kwenye lori lake mchana kweupe, mizigo na watoto, akawapeleka stesheni ambako watu walilala nje siku nyingi wakingoja treni. Aliporudi alikuta kioo cha dirisha lake kimepasuliwa kwa jiwe, akafagia vipande. Tata hakwenda. Alikuwa uani, akibishana na fundi cherehani juu ya petroli, kwa sauti niliyoisikia mpaka barabarani.

Miaka ilipita, na mabishano hayakufa. Mtaani Kasulo watu walichimba madini mpaka chini ya vitanda vyao, pikipiki zikajaa mjini, na bado wazee wakikutana walirudi kwenye kona ile. Tata alizeeka nayo. Sikuzote nilijua wana kichaa cha mchezo, kama wanaume wengi. Nilipokuwa mama wa watoto watatu ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hawakuwa wakizungumza juu ya tairi. Mtu aliyekataa kumsalimu jirani yake lazima apate pa kupeleka maneno yake, na wao waliyapeleka pale kwenye kona. Nikaelewa pia kwamba sheria ya Tata haikuwa sheria. Wale vijana wenye vitambaa hawakuja kuhesabu mizunguko. Hata Ilunga angeshinda, Alhamisi ile ingefika vilevile, na nilikuwa nimejibebesha mzigo ambao haukuwa wangu peke yangu.

Mwaka mmoja kabla hajafa, Tata alikuwa amekaa kwangu, mguu wake mbovu juu ya stuli, akaanza tena: kama si ile petroli. Nilikuwa nimechoka. Nikamwambia, "Tata, haikuwa petroli. Ni mi nilimulamukia, naye akageuka aitike." Nikamsimulia nyumba ile, gunia, masufuria, na jinsi nilivyojibu.

Hakushtuka. Alipangusa goti lake kama lina vumbi.

"Najua," alisema. "Nilikuwa nyuma yako. Mi nilikuwa na myaka makumi ine, na ni mutoto njo alimulamukia."

Nilidhani amemaliza. Nikainuka kumletea maji. Nilipofika mlangoni akaniita, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mado," alisema, "balifika?"

Nilisimama na kikombe mkononi. Miaka zaidi ya ishirini tulikuwa tumebishana. Tulijua upana wa kona ile, tulijua tairi, tulijua petroli na upepo ulivuma kutoka wapi. Lakini kama Ilunga na Mama Ngalula na watoto walifika, hakuna mtu yeyote Kolwezi aliyewahi kuuliza, na mimi pia sikuwa nimeuliza. Nilimwambia Tata kwamba sijui.