Sajini Asikimbie

Wenzangu mliokulia Njombe enzi za Mwingereza, baridi ile mnaikumbuka? Tulikwenda shule pekupeku, umande umeganda kwenye majani, tumekumbatia viazi vya moto tupate joto mikononi. Wajukuu zangu wakisikia wanacheka, wao wenye soksi mpaka za kulalia. Haya, wacheke. Nimechoka kubishana nao.

Baba yangu alikuwa na mbwa wa mawindo, jina lake Sajini. Alipoanza kukohoa na kulegea, tulimfanyia kama alivyofanyiwa mbwa yeyote wa mawindo kwetu: akalambishwa chumvi apate nguvu. Masikini! Kila alipolamba, tumbo lilizidi kujaa maji. Bwana mifugo aliyekuja Makambako kuchoma ng'ombe sindano alimwekea sikio kifuani, akatikisa kichwa.

"Mzee, moyo wake umechoka. Chumvi basi, na mawindo basi. Ukimtuliza ataishi. Akikimbia, atakufa."

Ikawa kazi kweli kweli. Mama alimchemshia uji wake peke yake, huku analalamika, "Mbwa ana mpishi! Mimi nani ananipikia?" Lakini alipika. Sisi watoto tulikatazwa kupiga miluzi, hata mpira wetu wa matambara tukaenda kuuchezea mbali. Shida ilikuwa njuga. Wawindaji walipopita na mbwa wao wamevishwa njuga shingoni, Sajini alilia mpaka tukaziba masikio. Baba akaacha kuwinda kabisa, nyama tukawa tunaisikia kwa jirani. Tulichoka nyumba nzima, jamani, na tulimpenda yule mbwa.

Asubuhi moja baba akiwa shambani, njuga zikapita, Sajini akakata kamba. Tulimkimbilia baba, tukaenda kumtafuta wote, na mama pia. Tulimkuta ng'ambo ya mto, amelala ubavu, ulimi nje, anahema kwa shida. Baba aliichukua mbeleko begani kwa mama, akamfunga Sajini mgongoni.

Mwanamume wa Kibena na mbeleko! Waliokuwa wamekaa wakinywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi, waliangua kicheko. "Mama Sajini, mtoto amegoma kulala?"

"Chekeni tu," baba akajibu, akaendelea kupanda mlima taratibu, asimtikise.

Siku hizi nasikia kuna vidonge vya moyo wa mbwa, na daktari unampigia simu anakuja mpaka mlangoni. Vizuri, laiti vingekuwepo enzi zile. Vijana nao mbwa akifa wanaweka picha yake kwenye simu, jioni wanacheka mengine. Siwalaumu. Sisi siku ile tulikuwa na ule mlima tu, na nyumba iko juu.

Nilikuwa natembea nyuma ya baba. Nilikiona kichwa cha Sajini kikilegea, miguu ikaning'inia.

"Baba," nikasema, "amekufa."

"Najua, mwanangu. Twende polepole."