Nilimshitaki Mama Zena kwa balozi kuwa ananipandia ndago, kumbe mpandaji ni mie

Wakuu, naanza na aibu yenyewe: niliwahi kutaka mjane wa watu anyang'anywe shamba, kwa kosa nililokuwa nalifanya mwenyewe kila asubuhi. Siongezi chumvi hapa. Ningekuwa naongeza, ningejipamba kidogo.

Mbagala, miaka ya sabini, siasa ni kilimo. Sie makuli wa bandarini Kurasini nasi tukagawiwa vipande kwenye shamba la mtaa.

Mie darasa la tano sikumaliza, ila kwa ujuaji nilikuwa profesa.

Kipande changu kikajaa magugu ya ndago. Utadhani nyasi za kawaida, ila ukilisokota shina kwenye vidole unasikia pembe tatu. Nakatakata kwa jembe, wiki haijaisha yamerudi na ukoo mzima.

Kwa jirani yangu Mama Zena? Peupe! Muhogo mtupu.

Hapo akili yangu mbovu ikaanza kazi. Mbona kila siku anakuja na ndoo kaifunika kanga? Mbona akiniona nalima anatikisa kichwa?

Siku moja akaniambia, "Mwanangu, usikate. Chimbua taratibu, utoe na vile vijiazi vya chini."

Nikajisemea aaah, huyu anataka nichelewe. Nikazidi kukata. Na shikamoo nikamnyima.

Nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. "Mzee, yule mama ananimwagia mbegu. Ndoo yake ikaguliwe."

Enzi hizo ukionekana unaharibu shamba la mtaa, kipande kinachukuliwa. Na Mama Zena alikuwa analisha watoto wanne kwa muhogo ule ule.

Jumapili asubuhi watu wakajaa. Balozi akamwambia afunue ndoo.

Tupu.

"Mmeona?" nikaropoka. "Keshamwaga!"

Dah, na kuna watu wakaanza kuniitikia!

Mama Zena akaiweka ndoo chini. Akapiga magoti kwenye kipande changu, akachimbua ndago moja polepole. Ikatoka na vijiazi vimeungana kama shanga. Vile nilivyovikata kwa jembe, kila kimoja kimechipua mche wake.

Akatia vyote kwenye ndoo. "Naja nayo tupu, naondoka imejaa. Nakwenda kuanika juani, yakikauka nachoma."

Wakuu, mie nilikuwaga naangalia ndoo ikiingia tu. Ikitoka sikuwahi kuiangalia.

Balozi akanigeukia. "We bwana, hebu tuonyeshe unavyolima."

Nikanyanyua jembe. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini.

Balozi akataka kipande ninyang'anywe mie. Mama Zena akakataa. "Muacheni hapa hapa nimuone. Akihama, atakwenda kuyapanda kwa wenzake."

Nilimuomba radhi mbele ya wote, nikachimbua kwa mikono msimu mzima.

Somo nililolipata: ukishamshuku mtu, hata ushauri wake mzuri unausikia kama mtego. Na ndago usikate, chimbua. Aliyewahi kumtuhumu jirani bure ajitokeze, nisicheke peke yangu.

Siku ile nilirudi na kuli mwenzangu Athumani. Tulipofika kwangu akaniambia, "Ingekuwa mie yule mama, ningekuongezea jembe la pili, uzidi kujipandia."