Hatua Tisa za Korido

Siku yangu ya kwanza ya kazi hospitalini nilipewa kitenge cha sare na kuonyeshwa benchi. Nilikuwa msindikizaji. Mwanamke akija amepigwa au amebakwa, namkalisha, namsikiliza, namfikisha chumba kinachomhusu. Vyumba vilikuwa viwili, vinatazamana. Kushoto kwa Sista, waliobakwa. Kulia kwa Afisa Ustawi, ugomvi wa nyumbani. Mimi niliishia darasa la nne, lakini kushoto na kulia najua.

Mchana akaja mama mmoja kutoka kijiji cha Idete, mdomo umevimba. Shemeji yake alimbaka kwenye kibanda cha shamba la mpunga. Alipomweleza mumewe, akapigwa.

Nikampeleka kushoto.

“Aliyekufanyia ni nani?” Sista akauliza.

“Shemeji.”

“Shemeji ni mtu wa nyumbani. Bibi, mpeleke kulia.”

Kulia, Afisa Ustawi hakuinua kichwa. “Huyu kabakwa. Bibi, mlangoni pameandikwa, au husomi?”

Nikamrudisha. Tukavuka mara tatu. Yule mama akaniuliza taratibu, “Bibi, kwani nimekuja na miili miwili?” Jioni wakafunga, akaambiwa arudi kesho. Akalala kwangu, mtaa wa Lipangalala.

Asubuhi ndipo Sista alipomuuliza ilitokea lini. Kisha akahesabu kwa vidole, akaweka kalamu chini. Kuna dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi visishike mwilini, lakini lazima zianzwe kabla ya saa sabini na mbili. Jana mchana alikuwa bado ndani ya muda. Sasa ulikuwa umepita.

Dawa zilikuwa kabatini, nyuma ya kiti cha Sista, muda wote ule.

Nikaburuta benchi hadi chumba cha kushoto. Nikamwambia Afisa Ustawi aje na kiti chake.

“Nani amekuruhusu?”

“Kasome mlangoni kwako kama pamekataza.”

Akaja. Tangu siku hiyo kila mwanamke alieleza mara moja tu, wote wawili wakisikia. Dawa kwanza, karatasi baadaye.

Nimestaafu sasa. Wasichana walioshika kazi yangu hunisifu kwa lile benchi. Nawaambia waache. Korido ile ina hatua tisa. Nilizitembea mimi, nimemshika mkono yule mama, nikidhani ninamsaidia.