Bei Aliyotajiwa Dada Yangu

Watu wa mtaa wetu hapa Tabora watakwambia kila kitu. Watakwambia nani kaachwa, nani ana kisukari, mtoto wa nani kafeli kidato cha nne. Mahari inatajwa msikitini mbele ya wanaume wote, na kabla wali haujaiva wanawake wa jikoni wameshaijua na kuijadili. Lakini muulize mtu ameuza nyumba yake shilingi ngapi. Atakohoa, ataangalia pembeni, halafu atakuuliza mama yako hajambo, hata kama alikuja kumzika mwenyewe.

Nauchukia usiri huo, na sitaki kuupamba kwa maneno. Nimeshaelezwa kwamba bei ni jambo la muuzaji na mnunuzi, kwamba ukiitangaza unawaita wezi na ndugu wa kukopa. Wote walionieleza hivyo ni watu waliokwisha kuuza vizuri.

Dada yangu alikuwa na nyumba nyuma ya soko, ya matofali ya kuchoma, na kisima uani. Aliijenga mwenyewe kwa biashara ya asali, miaka ambayo mimi nilikuwa bado nasoma na yeye ndiye mama na baba yangu. Magoti yalipoanza kumsumbua aliamua kuiuza ili anunue nyumba ndogo karibu na hospitali, abaki mjini alikozaliwa. Hakutaka kingine. Watoto wake walikuwa wakimvuta Igalula, nje ya mji, kwa kijana wake mkubwa, naye alikuwa akiwajibu kwamba kule atakwenda akishindwa kabisa.

Hakujua aanzie bei gani. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzee wa kanzu safi na salamu ndefu, alikuwa ameuza muda mfupi tu uliopita nyumba iliyofanana na yake chumba kwa chumba. Basi dada akajifunga ushungi, akachukua chupa ya asali, akamfuata kule alikohamia. Akamweleza shida yake yote, magoti na hospitali na Igalula. Mzee akamsikiliza, akaipokea asali, akasema, "Milioni kumi na nane, dada yangu. Na nilimshukuru Mungu."

Dalali alipoleta mteja wa milioni kumi na nane, dada hakubishana hata kidogo. Alinipigia simu akicheka.

Mtu wa mbali lazima aelezwe desturi yetu hapa. Ukiuza nyumba unakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa ashuhudie, naye na watu wake wanategemea asilimia kumi ya bei. Sijawahi kuonyeshwa sheria inayosema hivyo, lakini jaribu kutoka pale bila kutoa. Kwa hiyo kila mtu hutaja bei ndogo. Na ukishaitaja pale, inakubidi uitaje hiyo hiyo kwa muuza kahawa, kwa shemeji, kwa imamu, kila siku, usije ukaumbuka. Dada aliujua mchezo huo tangu zamani. Ila aliamini kwamba mtu akikujia nyumbani na shida yake, ukamtazama usoni, unamwambia kweli. Yeye kwa mwenyekiti alitaja kumi na nane kamili, akakatwa asilimia kumi yake kamili, peke yake katika mtaa mzima.

Mimi nashona mapazia. Mke wa aliyenunua ile nyumba ya mzee aliniita nikapime madirisha. Nikiwa juu ya kiti na futi mkononi, akawa analalamika kwamba mume wake katoa milioni arobaini kwa nyumba ambayo hata choo cha ndani haina.

Nikashuka kwenye kiti. Sikumaliza kupima.

Mzee nilimkuta barazani kwake baada ya alasiri, anakunywa kahawa. Shikamoo nilimpa, kwa sababu nimelelewa, na akaitika marahaba kwa upole kabisa. Nikamuuliza kwa nini alimdanganya dada yangu.

"Sikumdanganya, mwanangu," akasema. "Nilimwambia kile kile nilichomwambia mwenyekiti. Ningetaja bei mbili ningeonekana mwongo."

"Na ulivyotaja moja, wewe ni nani?"

"Bei ya nyumba ni sitara ya mtu. Haivuliwi hadharani."

Sitara! Nilimwambia kwamba dada yangu ndiye aliyevuliwa, na kwamba asali ile aliyoilamba imlale kooni. Wanawake wa nyumba ya pili wakatoka kutazama. Yeye akaweka kikombe chini taratibu, akanitaka niondoke kwa amani. Macho makavu, uso mkavu. Sijutii neno hata moja nililosema pale, na nina mengine yaliyobaki.

Dada nilipomweleza hakulia. Aliniuliza kama nimekula. Wakati huo alikuwa amepanga chumba, na nyumba zote alizoonyeshwa karibu na hospitali zilikuwa zimempita mbali kwa bei. Mwezi wa mvua kubwa kijana wake alikuja kumchukua, wakapanda treni na magodoro yao. Kliniki sasa anakuja akipata wa kumleta.

Nilidhani yameishia hapo. Lakini kabla hajaondoka alikuwa amefuatwa na mwalimu mstaafu wa nyumba ya tatu kutoka ile aliyouza, Mmoraviani, mtu mwema, ambaye naye alitaka kuuza. Alimuuliza dada aliuza kwa ngapi, na dada akamjibu kama anavyojibu siku zote. Niliposikia dalali anaingia na kutoka kwa mwalimu, nilimkimbilia nikiwa bado na pini za nguo mdomoni. Nikamwambia nyumba ya mzee ilikwenda arobaini, asithubutu kupokea chini ya hapo.

"Umeijuaje?" akauliza.

Nikamtajia yule mama wa mapazia. Akasema ameshamuuliza, yeye na mumewe, na wote wawili wamemwambia kumi na nane. Mzee kamwambia kumi na nane. Mwenyekiti pia.

"Wote hao wanaficha," nikasema.

"Na dada yako anaficha?"

Nikazitoa pini mdomoni moja moja. Mwalimu alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama aliyefiwa.

"Wengine wote ningewatilia shaka," akasema. "Lakini dada yako hajawahi kusema uongo."

Jumamosi ya wiki ile ile aliuza, kwa milioni kumi na nane.