Nasri Hatukumuuliza

Iko siku moja, mwanangu, ambayo siisahau hata nikitaka.

Nilikuwa mkuu wa udugu wetu wa wanafunzi pale chuoni Nizwa, cheo kama hicho ulichopewa wewe juzi. Tulikuwa wenye kusema Kiswahili, wazee wetu wametoka Unguja na Pemba, wengine bara. Ijumaa tukipika pilau wenyewe, ikiungua tunaila hivyo hivyo, na ukoko tunaugombania. Nazitamani sana siku zile, isipokuwa hiyo moja.

Tulikuwa na ada yetu. Mwanafunzi mpya hakubaliki mpaka aruke kutoka juu ya jabali na kuingia kwenye maji ya wadi, yaani bonde lipitalo maji ya mvua ya milimani, kule karibu na Birkat al Mauz. Sisi tuliruka, basi na yeye aruke. Mwaka ule akaja Nasri, kijana mpole kutoka Sur, mji wa pwani. Kwetu sisi, mtu wa Sur ni bahari tupu. Tukamtania kwamba yeye ndiye atakayetufundisha kuogelea, na mimi kwa ujuba wangu nikamtanguliza wa kwanza. Akacheka kidogo, akajifunga kikoi, akaruka.

Hakuibuka. Tulidhani anatufanyia mzaha, tukawa tunacheka, mpaka mmoja akanyamaza na sote tukanyamaza. Kamba hatukuwa nayo, na magari tuliyaacha mbali. Nikajitupa majini, nikampapasa mpaka nikaukamata mkono wake. Tulipomtoa alitapika maji, akapumua. Alhamdulillahi. Bega lilikuwa limeteguka.

Nilimrudisha mwenyewe kwao Sur. Mama yake alinipokea kwa halwa na kahawa, akaitikia shikamoo yangu kama kawaida. Akanieleza kwamba Nasri alizaliwa na kukulia Tabora, Sur wamehamia mwaka uliopita tu, na bahari huitazama dirishani. Kisha akasema taratibu, "Baba, nani alimuuliza kama anajua kuogelea?"

"Hakuna, mama."

"Nyinyi hamkuuliza, na yeye aliona haya kusema. Mimi ndiye ningezika."

Hakunifokea. Natamani angenifokea.

Basi, mwanangu, zitazame ada zenu moja moja. Ile inayomtaka mgeni aihatarishe roho yake ili aitwe ndugu, iondoe, hata waliokutangulia wakinuna. Mkienda wadi, ulizeni kwanza habari za mvua ya milimani, chukueni kamba, na awepo anayeijua njia ya hospitali. Mgeni muulize faragha anachokiweza na anachokiogopa, maana mbele ya wenzake atakwambia anaweza kila kitu. Akisema hapana, yaishie hapo, na asichekwe. Likitokea la kutokea, usilifiche kwa kuogopa kuvuliwa cheo.

Mwenyezi Mungu akupe moyo wa huruma na ulimi wa kuuliza, na akujaalie umrudishie kila mama aliyekuamini mwanawe akiwa mzima. Amin.