Kamba ya Kisima cha Kiranjeranje

Nikiikumbuka Kiranjeranje ya enzi za ujamaa, kinachonijia kwanza ni kamba ya kisima. Nilikuwa mwalimu kijana, najiona msomi, nafundisha DNA darasa la watu wazima. Nikaifungua ile kamba kwenye ndoo ya kijiji, nikazitenganisha nyuzi zake mbili.

"Nyuzi za DNA zikiachana hivi, kila moja inajitengenezea mwenzake. Pakiharibika, seli inakarabati."

Kina mama wakapiga makofi. Nikaisokota tena harakaharaka, nikairudisha.

Kesho yake asubuhi tumepanga foleni kisimani, jirani yangu Bi Somoe anateka maji. Kamba ikaachia palepale nilipoisokota, ndoo ikazama. Akanigeukia taratibu, akanipa kipande kilichobaki.

"Mwalimu, hebu iambie ijitengenezee mwenzake. Sisi tunasubiri."