Msalaba Mmoja, Makaburi Mawili

Msalaba niliutengeneza mwenyewe, nyumbani kwetu mjini, mtaa wa Murara. Hakuna aliyenifundisha kuandika kwa rangi. Nilijifunza kwa kutazama vibao vya saluni za kunyolea na kuiga herufi zake. Jina la bibi yangu mzaa mama nililifuta na kuliandika upya mara nyingi, mpaka mama mkubwa, dada yake mama, akasema marehemu atachoka kusubiri. Nakiri kwamba herufi mbaya ilinitisha kuliko kifo chenyewe.

Bibi alizikwa kijijini, upande wa Sake. Tangu vita vilipotufukuza huko, hakuna mtu wa familia aliyekuwa amefika makaburini. Sasa njia ilikuwa imetulia kidogo, na mama mkubwa alikuwa anahamia Butembo kwa wanawe. Alitaka kumuaga mama yake kwanza. Kwa magoti yake yanayomuuma, alijua hatarudi tena.

Tulikuta magugu yamefika kiunoni. Misalaba ya mbao ilikuwa imekwisha karibu yote. Watu waliokimbilia pale wakati wa vita waliigeuza kuni. Nilianza kulalamika, mama mkubwa akanikatiza.

"Kama ilipikia batoto maharagi, si mubaya. Mama hakunyimaka mutu kuni."

Alikwenda moja kwa moja hadi pembeni, kwenye ukuta wa mawe ya volkano, kisha akasimama. Alitarajia kaburi moja. Yalikuwapo mawili, ubavu kwa ubavu, yote yamefunikwa mawe yale yale meusi. Katika vita mtu fulani alizikwa karibu na bibi, na hatukuwa na wa kumuuliza ni upande gani.

Nitaweka jina la bibi juu ya nani? Nilizunguka, nikainama, nikapima kwa macho urefu wa kila kaburi. Mwanamke aliyekuwa akifyeka karibu nasi akacheka.

"Kijana, umekuja kulima ao kupima parseli ya kujenga nyumba?"

"Umuache, mama," mama mkubwa akamjibu. "Huyu hata ndizi kwenye sahani anazipangaka."

Naye alikuwa tayari amepiga magoti, yale yale yanayomuuma, anang'oa magugu kwenye kaburi la kushoto. Alipolimaliza akahamia la kulia. Hakupunguza kitu: alichomoa mizizi, akarudisha mawe yaliyoporomoka, akapangusa udongo kwa kiganja kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Mama mukubwa, kama hili si letu?"

"Weye unajua kama si letu?"

"Hapana."

"Basi shika jembe."

Nilishika. Tulipomaliza sikuweza kusema ni lipi lililotunzwa vizuri zaidi, na mimi huona kasoro upesi. Msalaba ulikuwa bado umelala kwenye nyasi. Nilimwomba achague yeye, kwa sababu mimi nisingeweza.

Aliuchukua, akausimamisha kwenye kaburi la kushoto, akanishikisha niugandamize kwa mawe. Kisha akaniacha hapo, akaenda kusimama kwenye lile la kulia na kutoa rozari yake.

"Na kama umekosea?" nikamuuliza.

"Kama nimekosea, yule mwenzake amepata musalaba muzuri, na mama amepata sala. Itikia."

Akaanza kusali. Nikaitikia kutoka upande wangu.